Miti Miwili ya Mulema

Goma, Jumapili, tarehe 11 ya mwezi wa tatu, 1956. Tangu asubuhi kuna mvua nyembamba, ile isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika. Mlima wa moto umejifunika mpaka miguuni na ziwa limekuwa rangi ya majivu.

Rafiki zangu, jana pale kwenye bomba la maji mliniuliza: "Papa Furaha, huko milimani kulikuwaje? Mbona ulikwenda na penseli na umerudi na malengelenge mikononi?" Nikajibu "salama tu," nikapita. Haikuwa kiburi. Nikisimama mbele ya watu wanaongoja maneno, maneno yangu yanakimbia. Basi naandika, na anayejua kusoma awasomee wengine. Shule yangu ni miaka minne ya misioni, kwa hiyo pale nitakapokosea mcheke kidogo tu.

Habari za karatasi ya ruhusa ya kusafiri siziandiki. Kila mmoja wenu ameshasimama kwenye mstari ule.

Kwanza kosa langu. Mnajua napiga pasi katika hoteli ile ya chini, karibu na maji. Siku moja Madamu mwenye hoteli alikuwa akizungumza na mgeni. Alisema watu wengi wanamuuliza kijiji cha milimani, kimya, chenye baridi, ambapo mtu angeweza kujenga nyumba ndogo ya kupumzikia, au kununua malisho. Hakuwa akisema na mimi. Mimi nilikuwa na mashuka yangu. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe: "Madamu, kwetu Mulema ukungu unaingia mlangoni kama mgeni. Maji yake yanauma meno. Ukisimama juu unaona vilima nyuma ya vilima mpaka macho yanachoka."

Nilisema vile kwa sababu ya hamu. Miaka saba sikuwa nimekanyaga kwetu. Mtu mwenye hamu anasifu, na anayesifu hatazami nani anasikia.

Madamu aliniangalia kama aliyegundua kuwa pasi inaongea. Baada ya wiki moja akanipa kaye mpya, daftari ya kuandikia, na siku nane. "Nenda, Joseph, uandike kila kitu. Njia, maji, hewa, na mahali patupu pako wapi. Nitatengeneza karatasi ya kuwapa wageni." Joseph ndilo jina langu la ubatizo, hotelini hawajui lingine.

Nilifurahi, sitaficha. Sikujiuliza swali hata moja. Nilinunua kikwembe cha mama kujifunga na kipande cha sabuni, nikawaaga mke wangu Kavira na mutoto wetu Furaha.

Goma mpaka Sake

Niliondoka Jumatatu kwa kamyo iliyokuwa ikienda kuchukua kahawa. Tulikaa juu ya magunia matupu, watu sita na mbuzi mmoja ambaye hakuacha kunitazama. Pembeni yangu alikaa mfanyabiashara wa chumvi, Mnande wa upande wa Butembo, jina lake Kambale. Chumvi yake ilikuwa imefungwa kwa majani makavu ya migomba, mizigo miwili iliyokazwa kama watoto wachanga.

"Unafanya kazi gani Goma, papa?" aliniuliza.

"Napiga pasi."

"Basi shuka unyooshe hii njia kidogo."

Watu walicheka mpaka mbuzi akalia. Na kweli njia ilihitaji pasi. Tulipofika kwenye mawe meusi, yale ambayo moto wa mlima uliyamwaga mpaka ziwani, gari lilianza kutoa moshi mweupe. Dereva akashuka, akafungua mdomo wa injini, akaruka nyuma. Tukateremka mmoja mmoja kwenda kuchota maji ziwani kwa kopo la mafuta. Mwendo wa saa moja na nusu ukawa wa siku nzima.

Nilipomwambia Kambale kuwa mke wangu ni mtu wa kwao, alibadilika kabisa. "Kumbe weye ni shemeji! Na mimi nakutania kama mutu wa barabarani." Akatoa mahindi ya kuchoma kwenye mfuko wake, akayavunja katikati. Halafu akaendelea kunitania vilevile, ila sasa kwa haki. Mashemeji hawaachiani.

Tulifika Sake jua likizama.

Sake, siku ya kungoja

Jumanne hatukwenda popote. Mvua ya usiku ilikuwa imebeba daraja la miti kwenye njia ya kupanda, na watu walikuwa wanakata miti mingine. Nikaona nianze kazi ya Madamu. Nikaweka penseli sikioni, kaye mkononi, nikaenda sokoni.

Mama mmoja alikuwa amepanga ndizi mbivu juu ya jani. Nilikuwa na njaa.

"Mama, hizi ndizi bei gani?"

"Si za kuuza."

"Lakini umezipanga chini, sokoni."

"Zinapumzika."

Wanawake wenzake wakainamisha vichwa. Nikajaribu kwa muuza mihogo. Mihogo nayo, akasema, ni ya mutu aliyekwenda kuchota maji. Mwenye kuku alimfunika kuku wake kwa kanga, na kuku akawa anasema chini ya nguo. Nilizunguka soko lile kama mwenye ndui. Nilimkuta Kambale amekaa, anakula ndizi zilezile zilizokuwa zinapumzika.

"Shemeji," akasema, "ficha ile penseli, utakufa njaa. Mwenye penseli leo anahesabu ndizi, kesho anahesabu migomba, kesho kutwa anamuhesabu mwenye migomba."

Niliitia penseli ndani ya soksi. Nikarudi kwa yule mama. Aliniuzia mara moja, akaongeza moja juu. "Sasa umekuwa mutu," akasema.

Nilicheka naye. Nilidhani wao ndio hawaelewi. Naandika hili kwa sababu nataka kuwa wa haki: siku ile mimi ndiye nilikuwa mjinga, na ndizi nilikula.

Kupanda

Jumatano tuliondoka kabla jua halijawa na nguvu. Nilikuwa nimesahau kupanda. Kambale na chumvi yake kichwani alikuwa anapumua kama aliyekaa, mimi na kaye yangu nilikuwa napumua kama kamyo ya jana. Tope lilishika viatu, nikavivua. Miguu ikakumbuka kabla yangu: ilijua yenyewe mahali pa kukanyaga, kwenye mzizi, si kwenye jani.

Halafu zikaanza harufu. Moshi wa kuni mbichi unaopita katikati ya majani ya paa. Samadi ya ng'ombe iliyonyeshewa. Ile mimea ya pembeni ya njia, sijui jina lake kwa Kiswahili, ambayo tukiwa watoto tulikuwa tunaipondaponda na kunusa vidole siku nzima. Niliipondaponda. Nikanusa. Kambale alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Kwenye njia panda aliniaga. Alifungua mzigo mmoja, akamega chumvi ya kujaa kiganja, akaifunga ndani ya jani. "Ya mama. Mwambie imetoka kwa wakwe zake, ambao hajawaona kwa sababu mutoto wake ni muvivu wa kupanda milima."

Kavira ni mke wangu kwa miaka minne na mama yangu hakuwa amemwona. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Ukungu ulishuka nikiwa peke yangu. Njia ya zamani ilikuwa imekatwa na maporomoko ya udongo, kwa hiyo nilifuata mpya, inayozunguka na kuingia Mulema kutoka juu. Upande ule sikuwahi kuingilia. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona mteremko mpana, laini, majani marefu yanalala na upepo, kijito pembeni, na chini yake miti miwili ya muko imesimama sambamba, imejaa maua mekundu. Hakuna nyumba, hakuna alama ya jembe. Nilikaa juu ya jiwe. Nilitoa penseli kwenye soksi nikaandika, na nanakili hapa kama nilivyoandika, bila kujisaidia:

*Kabla ya kufika kijijini kuna mahali patupu, pazuri kuliko pote. Maji yapo karibu. Majani ni mengi. Miti miwili ya maua mekundu inapendeza, wageni watapapenda. Panafaa.*

Niliyasoma tena, nikaona nimeandika vizuri.

Mulema

Mama alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alinyanyua macho, akayarudisha kwenye maharagwe, akayanyanyua tena.

"Bauma?"

"Ni mimi, mama."

Hakusimama. Alisema, "Ingia ule," kama niliyechelewa kurudi kutoka mtoni. Kwetu mtu aliyetoka mbali haulizwi neno mpaka ashibe, basi nilikula kimya, maharagwe na mateke, majimbi ya kwetu, na yeye akinitazama kila tonge. Chumvi ya Kambale aliionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho.

"Ya wakwe zako wa Butembo," nikasema.

"Kumbe nina wakwe," akasema. Halafu akachukua mikono yangu, akaigeuza. "Laini kama ya padri. Na huyo mke wako, naye ana mikono?"

"Anayo, mama."

"Sijaiona."

Alhamisi nilizunguka kijiji na kaye. Sitawaficha, Mulema haikuwa vile nilivyoibeba kichwani. Ilikuwa ndogo zaidi. Nyumba zilizokuwa za watu niliowajua zilikuwa na watu niliotakiwa kuwauliza majina. Viroboto, ambao sikuwa nawakumbuka kabisa, walinikumbuka mara moja. Lakini maji yaliuma meno. Na ilipofika saa ya ng'ombe kurudi, kengele zilipopanda kutoka bondeni kabla ng'ombe wenyewe hawajaonekana, nilisimama nyuma ya nyumba ili watu wasinione uso.

Jioni alikuja baba yangu mdogo, Muzee Kibira, na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Ndiye aliyeshika nafasi ya baba tangu baba afariki, mwaka mmoja kabla sijaondoka. Ni mtu wa mzaha mwingi na macho makavu.

"Nasikia umekuja na kitabu," akasema. "Soma basi. Hata misioni wanasoma kabla ya divai."

Nikasoma. Mnielewe, nilitaka wajivunie. Nilisoma habari ya hewa, wakaitikia. Maji, wakaitikia. Nikafika kwenye mahali patupu, pazuri kuliko pote, na miti miwili ya maua mekundu.

Mama alisimama, akaenda kusogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

Muzee Kibira alinitazama. Halafu alianza kucheka, akacheka mpaka kasiksi ikampita vibaya, akakohoa, akapiga goti lake. "Ameandika lake!" akasema. "Mama Bauma, umesikia? Mutoto wako ameliandika shamba lake mwenyewe!"

Lile shamba

Sasa niwaeleze ninyi ambao si watu wa kule. Kwetu Mulema, kwingine sijui, mtu akienda mbali, sehemu yake ya ardhi haishikwi na jembe la mwingine. Inaachwa ipumzike. Ikionekana harudi karibuni, mama yake au mke wake anachomeka vijiti viwili vya muko upande wa chini, kama miimo ya mlango. Muko haufi, ukiuchomeka unachipua. Kila anayepita akiona miko miwili sambamba na majani nyuma yake anajua: mwenyewe yuko, ila yuko njiani. Mutoto mdogo wa kule anajua. Mimi nilijua. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuchapwa kwa kulisha mbuzi nyuma ya miti ya namna hiyo.

Na niliiona, nikaandika inapendeza.

Kwa haki yangu, sehemu ile sikuijua kuwa yangu, maana Muzee Kibira aligawa mashamba ya baba baada ya mimi kuondoka. Lakini hilo halinitoi. Hata kama isingekuwa yangu ingekuwa ya mtu. Macho yangu yalikuwa yamekaa Goma mno.

Mzaha ulipokwisha Muzee Kibira alisema maneno mazito. Bonde la pili walikuja watu na mnyororo mrefu wa kupimia. Palipokuwa na jembe walipita. Palipokuwa na majani waliuliza nani analima, na wakijibiwa "mwenyewe yuko safarini," waliandika hakuna, wakachomeka kijiti cheupe. Walisema watafika Mulema maharagwe yakikomaa.

"Muzungu hajui muko," akasema. "Anajua jembe. Tangu mwaka jana namwambia mama yako: mpe mutoto wangu Shamavu alime pale. Ni damu moja na Bauma. Heri alime ndugu yake kuliko kuwa malisho ya mutu wa mbali. Mama yako hataki."

"Mwenyewe yuko," mama akasema, mgongo umetugeukia.

"Yuko wapi? Anapiga pasi!"

"Yuko."

Nilifikiri sana juu ya Muzee Kibira, maana ni rahisi kumfanya mbaya katika masimulizi haya. Hakuwa mbaya. Shamavu ana watoto watatu na kipande kidogo. Maneno ya muzee yalikuwa sawa, na mtu wa haki angesema: mpeni Shamavu. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nilimwona mama ameshika ukuni, hauweki motoni wala hauweki chini. 

Ijumaa asubuhi nilimwomba jembe. Alinipa la baba, mpini wake umepakwa mafuta. Mpini hauwi vile kwa kutundikwa ukutani miaka minane. Mtu alikuwa anaupaka.

Rafiki zangu, malengelenge yenu ndiyo haya. Majani ya miaka saba yana mizizi kama nywele za mtu mkaidi. Watu walikuja kutazama, wakakaa juu ya lile jiwe langu.

"Muzee, anapiga pasi shamba!" mama mmoja akasema. "Tazama, anataka kulikunja!"

"Rudi nyuma kidogo, Bauma, umeacha mukunjo pale!"

Adhuhuri yule aliyenicheka zaidi aliingia na jembe lake kupitia katikati ya ile miko miwili. Kila mtu aliingilia pale, hata aliyetoka juu alizunguka kwanza. Shamavu alikuja Jumamosi, akalima mstari wa pembeni yangu mpaka jioni. Hilo liliniuma kuliko mikono.

Jumapili tulipumzika. Jumatatu na Jumanne tulipanda maharagwe, mama anatoboa kwa kijiti na mimi naweka mbegu. Tulipomaliza, Muzee Kibira alitembea kwenye ukingo wote, akanyanyua udongo, akaunusa.

"Vizuri," akasema. "Baada ya wiki tatu yanataka palizi. Nani atapalilia? Mama yako mgongo umekwisha. Usipokuja, magugu yatafunika, na mwenye mnyororo ataona majani. Siku hiyo nitamwingiza Shamavu, na mama yako asilie."

Ilikuwa haki. Nilitaka kuahidi, lakini nimeshaahidi "mwaka ujao" mara nyingi mno. Nikasema, "Nimesikia, baba."

Mama hakuniambia nirudi. Alinifungia maharagwe kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka kwenye miko miwili, akasimama katikati yake. Nilipogeuka mara ya kwanza alikuwepo. Mara ya pili palikuwa na ukungu.

Kushuka

Kushuka hakuna hadithi. Daraja lilikuwa jipya na lilinuka utomvu. Sake nilimpita yule mama wa ndizi, aliona mikono yangu, akaniuliza, "Na penseli?" Nikamwambia imevunjika. Haikuwa kweli, ilikuwa kwenye soksi, namwomba radhi hapa. Ijumaa nilipata kamyo ya mbao, na njia nzima niliandika upya karatasi ya Madamu juu ya goti, kwa hiyo herufi zake zinaruka.

Mbele ya Madamu

Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya meza yake. Nilichelewa siku nne. Niliogopa, lakini si sana kama nilivyotegemea.

Niliandika ukweli wote, mzuri na mbaya. Hewa njema. Maji safi. Njia mbaya. Viroboto wapo. Halafu, mahali alipotaka nimwandikie mahali patupu, niliandika kila mteremko na mwenyewe. Karatasi mbili. Ule ambao ni wa mjane wa mfua chuma. Ule ambao unalala zamu yake mwaka huu. Ule wa ndugu wawili wasiosemeshana. Yale maneno yangu ya kwanza niliyaacha pia, nikayakata kwa mstari mmoja, maana si haki kumficha mtu kosa ambalo amelilipia safari.

Madamu alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Ni mtu anayesoma mpaka mwisho, hilo nampa.

"Huu mteremko wa juu," akasema, "ule uliousifu na kuufuta. Umeandika ni wa Bauma. Bauma ni nani?"

"Ni mimi, Madamu."

Aliinua macho. Miaka mitano nimempigia pasi mashuka.

"Una shamba, Joseph?"

"Ndiyo, Madamu. Sikuwa najua."

Aligeuza karatasi. "Na ng'ambo ya bonde? Huko pako tupu?"

"Sikufika, Madamu."

"Ungefika ungeandika nini?"

"Ningeuliza kwanza."

Hakunifukuza. Hakupiga kelele. Aliziweka karatasi chini ya jiwe lake la kioo, akasema zile siku nne nitazirudisha kwa Jumapili nne, kuanzia wiki ijayo, maana nguo zimejaa. Nikakubali, kwa kuwa kuchelewa nilichelewa. Nilifika mlangoni ndipo nikahesabu: Jumapili nne bila kupumzika, na palizi ni baada ya wiki tatu.

Tena kuna hili, ambalo halinipi usingizi mzuri. Ng'ambo ya bonde kuna watu. Labda atamtuma mwingine, na huyo mwingine naye ataona miti inayopendeza.

Hapa ndipo nilitaka kumaliza, nikiwaambia kuwa sijui itakuwaje. Lakini nikiandika, Kavira alikuwa nyuma yangu akichambua yale maharagwe ya mama, na aliniomba nimsomee. Nikasoma yote. Alinisimamisha mahali pamoja.

"Rudia pale. Mama aliuliza kama nina nini?"

"Mikono."

Aliendelea kuchambua. Mvua ilikuwa bado ileile. Baadaye akasema, "Kutoka Sake ni mwendo gani kwa mwenye mutoto mgongoni?"

"Siku nzima. Tena panateleza."

"Miye nimezaliwa Butembo, Papa Furaha. Nani alikwambia kwetu ni tambarare?" Akachagua maharagwe makubwa kuliko mengine, yasiyo na tundu, akayatia kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati. "Haya ni ya kuziba mapengo, pale ambapo hayataota. Mama amepanda, mimi nakwenda kupalilia. Kila mutu na zamu yake. Weye piga pasi."

Yaliyobaki aliyatia chunguni. Leo jioni tumekula maharagwe ya Mulema na ndizi mbichi za kuchemsha, na mboga ya lengalenga kidogo kutoka nyuma ya nyumba. Furaha alikula mpaka akalala na tonge mkononi.